Nani anasaini? Habari za bangi ya hospitali, toka kaunta ya duka la dawa Masasi

Watu wa huku wakija kuniuliza habari za bangi ya hospitali maswali yao nayajua hata kabla hawajafungua mdomo. Inatibu kansa kweli? Marekani si wanauza madukani? Sisi lini? Wengine wanaruka yote hayo wanaenda moja kwa moja kwenye hela, wanataka kujua kilo itakuwa shilingi ngapi. Ila sijawahi kukutana na mtu, sio kijiweni stendi wala kwenye magrupu ya WhatsApp, aliyeuliza lile swali ambalo mimi naona ndio lenyewe, kwamba huko wanakoruhusu ni nani anayesaini ili mgonjwa apewe? Huyo mtu kasajiliwa wapi, kasomea nini, nani anamkagua, na akisaini hovyo anafanywa nini?

Labda nawaza hivi kwa sababu ya kazi yangu. Mi nauza dawa hapa Masasi, duka la dawa muhimu, ile DLDM ambayo wengi mnaiita tu "kwa daktari" na kila siku nawaambia jamani mi sio daktari. Huu mpango wa DLDM ulianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003, baadaye ukaletwa na huku kwetu, na wazo lake lilikuwa la kawaida sana, vijijini wafamasia hawapo na hawatakuwepo kesho wala keshokutwa, basi chukua watu waliopo, wape kozi, wape cheti, wasajili, halafu wakague. Cheti changu kiko ukutani na picha yangu nimevaa shati la kuazima. Mkaguzi akiingia haanzi na rafu, anaanza na ukuta, anaangalia picha halafu ananiangalia mimi usoni, na siku akimkuta mdogo wangu ndio amesimama kaunta hiyo habari inakuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniambia nchi fulani wameruhusu dawa fulani, akili yangu inaenda kwa mtu kabla ya kwenda kwenye dawa.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Maryland kule Marekani. Ni nesi, ila sio nesi kama tunavyomjua sisi, ni wale waliosoma mpaka wakapewa ruhusa ya kupima mgonjwa, kusema ugonjwa ni upi na kuandika dawa wenyewe. Tunapigiana simu kwangu ikiwa usiku na kwake mchana, na bando langu likiisha ananitumia mavoisi marefu kama hotuba za mazishi. Yeye ndio aliyenifungua macho maana amejisajili kuthibitisha wagonjwa wa bangi, na nilipomwambia anisimulie alivyofanya nilitegemea hadithi ndefu ya mafaili na mihuri, kumbe hamna.

Anasema alijisajili jikoni kwake kwenye kompyuta, watoto wamelala. Sistimu ikataka namba ya leseni yake, ikataka namba ya usajili wake wa kuandika dawa zinazodhibitiwa, leseni yenyewe iwe hai na haina kifungo chochote cha baraza lake, akakubali masharti, wakaenda kuhakiki, wakamrudishia majibu. Hakuna aliyempa mche wa bangi wala ufunguo wa stoo. Alichopewa ni ruhusa ya kuingia kwenye rejista ya jimbo na kuandika kwamba mgonjwa fulani nimemuona, nimempima, ana tatizo hili, na naona faida kwake inaweza kuzidi madhara. Basi. Mgonjwa naye lazima awe amejisajili ana namba yake, dada anaingiza uthibitisho chini ya ile namba, uthibitisho una ukomo, ukiisha mgonjwa anarudi anaonwa upya. Akifika kwenye duka lenye leseni muuzaji anaona kwenye skrini kama uthibitisho uko hai na mgonjwa kabakiza kiasi gani, na kwa Maryland kawaida ni gramu 120 za maua yaliyokaushwa kwa siku 30.

Kilichonishangaza zaidi ni wanaoruhusiwa kujisajili. Madaktari, sawa. Manesi wa aina ya dada, sawa. Halafu akaendelea, wakunga, madaktari wa meno, madaktari wa miguu. Nikamkatisha, "Dada, subiri kwanza, daktari wa meno?" Akacheka akasema mdogo wangu wewe umewahi kung'olewa jino la mwisho wewe? Baadaye wakaongezwa na madaktari wasaidizi. Yani jimbo lilikaa likajiuliza ni kina nani wanaokutana na mtu mwenye maumivu makali, likawafungulia mlango wote wenye leseni ya kuandika dawa, halafu likafunga upande mwingine kwa kuorodhesha matatizo yanayokubalika: maumivu makali, kichefuchefu kikali, kifafa, misuli inayokaza haiachii, kukonda kwa sababu ya ugonjwa, glakoma yaani presha ya macho, mtu ambaye majanga aliyopitia hayamtoki akilini, na magonjwa mengine sugu ambayo tiba za kawaida zimegonga mwamba.

Na kwenye kazi yake wenzake wengi hawajajisajili mpaka leo. Wapo wanaosema ushahidi bado ni mdogo, na hapo hawajakosea, maana kwa baadhi ya magonjwa tafiti zipo za kueleweka na kwa mengine ni watu kusema tu imenisaidia. Wengine wanaogopa. Wanaogopa nini wakati jimbo limeruhusu? Hapa ndio ilibidi nimuombe dada anirudishe nyuma kabisa, na naomba na wewe msomaji univumilie maana bila hii sehemu mengine yote hayakai sawa.

Marekani kuna sheria za nchi nzima na kuna sheria za jimbo, na kwenye bangi hizi mbili zimekaa miaka mingi zinatazamana kama wake wenza. Sheria ya nchi ya mwaka 1970 iliiweka bangi Kundi la Kwanza, pamoja na heroini, maana yake kwa serikali kuu hiyo haikuwa dawa, haikuwa na matumizi ya hospitali, na daktari hakuweza kuiandika kwenye karatasi ya dawa ukaenda nayo famasi. California mwaka 1996 wananchi wakapiga kura, Pendekezo namba 215, wakasema mgonjwa akipata ushauri wa daktari wake aachwe. Ile ilikuwa enzi za UKIMWI kabla dawa hazijasambaa vizuri, San Francisco watu wanakonda wanakufa, hawali, wanatapika, na madaktari waliokuwa nao wodini waliona wenyewe nani kavuta akaweza kula. Serikali kuu ikajibu kwa kutishia madaktari, ukimshauri mgonjwa bangi tunakunyang'anya usajili wako wa kuandika dawa zinazodhibitiwa. Sasa daktari bila huo usajili ni sawa na kumwambia kafunge ofisi. Daktari mmoja wa wagonjwa wa UKIMWI, Marcus Conant, na wenzake wakaenda mahakamani, mahakama ya rufaa mwaka 2002 ikasema daktari kuzungumza na mgonjwa wake na kumshauri ni haki yake ya kusema, haadhibiwi kwa maneno, na 2003 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikakataa kuigusa ile hukumu.

Ndio maana wanathibitisha, hawaandiki. Daktari hasemi kunywa kiasi hiki mara tatu kwa siku, anasema huyu mtu namjua na ana ugonjwa huu. Unaweza kuona ni ujanja wa wanasheria, na ni ujanja kweli, ila angalia ulichozaa: jimbo haliwezi kutumia njia ya kawaida ya famasi, kwa hiyo ikabidi lijenge rejista yake kuanzia chini, ya wagonjwa, ya maduka, na ya wanaosaini. Kiukweli rejista ya wanaosaini ndio nguzo. Hiyo ikiyumba, duka linakuwa duka la bangi tu lililopakwa rangi nyeupe.

Na kila jimbo lina tabia zake. Pennsylvania sheria yao ya 2016 inataka daktari akae kozi ya saa nne kabla ya kusajiliwa, asiwe na maslahi kwenye kampuni ya bangi, na haruhusiwi hata kujitangaza kwamba mimi nathibitisha, yani bango la "Karibuni Cheti cha Bangi Hapa" ni kosa. Hii naipenda. Ningetamani na sisi tungekuwa nayo kwa baadhi ya watu ninaowasikia kwenye redio wakitangaza dawa ya magonjwa arobaini kwa mpigo. Minnesota, ambao walianza Julai 2015, mwanzoni daktari alithibitisha ugonjwa tu halafu mambo ya aina gani na kiasi gani alikaa nayo mfamasia pale dukani, na kwa miaka hiyo hawakuruhusu maua ya kuvuta kabisa, ilikuwa mafuta na vidonge mpaka 2022. Mfamasia! Niliposikia hiyo nilifurahi kama nimetajwa mimi.

Lakini jimbo lililonifundisha zaidi ni New York. Sheria ilisainiwa 2014, maduka yakafunguliwa Januari 2016, kila kitu kipo, majengo, walinzi, dawa kwenye chupa. Wagonjwa wakawa hawaonekani. Kumbe madaktari waliojisajili walikuwa wachache, kozi ya saa nne ilikuwa ya kulipia mfukoni, na kubwa kuliko yote mgonjwa hakuwa na pa kuangalia nani kajisajili maana orodha haikuwekwa hadharani. Hebu fikiria mama ana mtoto wa kifafa anapiga simu kliniki moja baada ya nyingine anauliza samahani, daktari wenu anaandikisha bangi? Na mapokezi wanamkatia. Walichofanya baadaye ni vitu vidogo vidogo tu, wakaruhusu manesi wenye ruhusa ya kuandika dawa, halafu madaktari wasaidizi, kozi ikapunguzwa ikawa saa mbili, mwaka 2017 orodha ya waliokubali kutajwa ikawekwa hadharani, na 2021 sheria mpya ikaondoa ile orodha ngumu ya magonjwa, mthibitishaji akaachiwa aamue mwenyewe. Jani ni lile lile toka siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mikono ya kusaini.

Uingereza ndio wamekwama kabisa kwa upande huo. Novemba 2018 waliruhusu baada ya kelele za wazazi wa watoto wenye kifafa, watu wakashangilia, ila anayeruhusiwa kuanzisha ni daktari bingwa aliye kwenye rejista ya mabingwa, daktari wako wa mtaani hawezi, na mabingwa wengi wa hospitali za serikali wakakaa kimya wakisubiri ushahidi zaidi. Matokeo yake wenye hela wakaenda kliniki binafsi na wasio na hela wakabaki na gazeti la siku ile.

Msije mkadhani nasifia tu Wamarekani, na wao uozo upo. Kuna kliniki huko kazi yake ni moja tu, kuuza uthibitisho, mtu anaongea na daktari kwenye video dakika chache, analipa, kapata. Bima hazilipi, sio kumuona daktari wa hivyo wala kununua chenyewe, kwa hiyo maskini wa Baltimore, mji wa huko kwa dada, na maskini wa Nangomba huku kwetu wanafanana zaidi kuliko wanavyojua.

Sasa turudi huku Afrika. Lesotho walitangulia 2017, Zimbabwe wakafuata 2018, Malawi hapo ng'ambo ya ziwa wakapitisha sheria 2020. Ukisoma vizuri wengi walichosajili kwanza ni mashamba. Leseni ya kulima, leseni ya kukamua mafuta, leseni ya kupeleka nje. Zao la biashara. Afrika Kusini kidogo wao wana njia ya daktari kuomba kibali cha dawa isiyosajiliwa kwa mgonjwa mmoja mmoja kwa jina lake, kupitia mamlaka yao ya dawa, na huo mlango ulikuwepo kwa dawa nyingine hata kabla ya bangi. Hata bungeni kwetu Dodoma mwaka 2019, wabunge waliosimama kutaka bangi ya dawa ifikiriwe, mazungumzo yakageuka haraka kuwa ya uchumi, jirani wanapata dola sisi tumekaa. Na sisi watu wa kusini tunaijua hiyo lugha, ni korosho ile ile, tunalima, inaingia ghalani, inapigwa mnada, inapanda meli pale bandarini Mtwara, halafu ukitaka pakiti ya korosho zilizobanguliwa vizuri unaikuta supamaketi imetoka nje. Bangi ya dawa ikija kwa mlango wa shamba peke yake itapita hapa hapa kwetu ikiwa kwenye makontena na mgonjwa wa Nanyamba hataonja hata tone.

Naandika haya nikiwa najua sheria yetu inasemaje, na naomba nisieleweke vibaya. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya haitanii, kulima bangi tu kunaweza kukupeleka miaka 30, na kila siku mnasoma magazetini. Simwambii mtu akalime wala akanunue. Naongelea siku ambayo wakubwa wataamua kulikalia hili jambo, kwa sababu mlango wa kimataifa haujafungwa, ule Mkataba wa 1961 wenyewe unaruhusu matumizi ya tiba na sayansi, na Desemba 2020 kule Vienna nchi zilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye lile kundi kali zaidi la Mkataba. Kura mbili tu. Siku ikifika huku itakuja na haraka ya biashara, na swali la nani anasaini litasukumwa liwe la mwisho.

Na kwa nini lisiwe la mwisho? Ngoja niwaambie nilichokiona kaunta kwangu.

Alikuja mama mmoja toka vijiji vya huko kuelekea Lukuledi, ana mtoto wa kike wa miaka kama saba, mtoto ana kifafa na anatumia dawa za hospitali. Alisubiri wateja waishe. Akafungua fundo la kanga akatoa kichupa kidogo cha dropa, kioo cha kahawia, kimeviringishwa kwenye mfuko wa sukari. Lebo imechapishwa na printa ya kawaida wino unatoka kidoleni, picha ya jani, maneno ya Kingereza yenye makosa ya herufi, na chini wameandika kinatibu sukari, presha, nguvu za kiume, kifafa na kansa. Kauziwa na kijana aliyekuja na boda, kijana kamwambia ndio ile ya Wazungu. Elfu arobaini. Kilo ngapi za korosho hizo mama huyu kaokota.

Nikanusa. Mafuta ya alizeti na kitu kama mkaratusi. Huenda bangi imo, huenda haimo, hakuna ajuaye, na mtoto yuko kwenye dawa nyingine. Ile dawa halisi ya kifafa iliyotolewa kwenye bangi, Epidiolex, ambayo Marekani waliisajili Juni 2018 kwa aina ngumu za kifafa cha watoto, ni kanabidioli iliyosafishwa, haileweshi, ila hata hiyo wanapima ini la mtoto maana inaweza kulisumbua hasa akiwa anatumia pamoja na valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Inagongana na dawa nyingine pia. Sasa kama ile iliyopimwa kiwandani inataka mtu anayejua kusoma vipimo vya ini, hiki cha kwenye mfuko wa sukari kinataka nini? Nikamwambia mama usimpe, dawa za mtoto usikatishe hata siku moja, rudi kliniki kwa tarehe uliyopangiwa na hiki kichupa nenda nacho uwaoneshe. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Sasa mwanangu, wewe unaikataa, na pale kliniki nikiwauliza watanifukuza, nimuulize nani?"

Jibu sikuwa nalo. Hamna mtu nchi hii ambaye kazi yake, kwa cheti na kwa sheria, ni kukaa na yule mama akamjibu. Kijana wa boda ndio kaijaza hiyo nafasi, na hahitaji kozi ya saa nne.

Halafu kuna la mjomba, ambalo ndio lililonifanya nianze kuandika hii makala.

Upande wa mama sisi ni Wamakonde wa Newala na mjomba kwetu sio ndugu wa pembeni, ndio mwenye ukoo, akiumwa yeye tunaumwa wote. Saratani ya tezi dume, imeshafika mifupani. Nilikuwa nikipanda kumuona namkuta amekaa upande mmoja kwenye mkeka chini ya mwembe, hawezi kulala chali hawezi kukaa sawa, panadoli anameza, diklofenaki imeshamchoma tumbo, tramadoli ikawa inamuachia saa mbili tu halafu yale yale. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu, hivi ile bangi anayoisaini dada yako, haiwezi kupanda basi ikaja?" Anatania huku jasho linamtoka. Akasema angekunywa hata uraka, ile pombe ya mabibo, debe zima kama ungempa usingizi.

Mi nilijua mjomba hahitaji bangi. Alihitaji mofini, dawa kali ya maumivu, ambayo kwetu ni halali, ipo kwenye miongozo, ile ya maji inayotengenezwa toka unga pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, na kusambazwa hospitalini. Nesi aliyekuwa anapita kumuona nyumbani alijua hata kiasi cha kuanza nacho, alishasomea huduma za wagonjwa wa namna hiyo. Ila muuguzi kwetu haandiki mofini. Daktari ambaye angeandika, kwenye hospitali ambayo siitaji, alikuwa safarini kwenye semina, na aliyeachwa hakutaka kugusa, akasema hiyo mambo yake ni mengi, subirini. Tukasubiri. Mtu akisubiri na maumivu ya mfupa siku haina masaa ishirini na manne, ina mengi zaidi ya hapo. Mwisho tukapata kupitia hospitali nyingine mbali na kwetu, chupa ikaja na mtu wa basi, na ule usiku wa kwanza mjomba alilala mpaka wakamwamsha kwa uji akawatukana. Alikaa nayo hivyo mpaka alipotangulia.

Waganda hili walishalimaliza. Huko mofini ya maji inatolewa bure, wanaitia rangi kutofautisha nguvu yake, na mwaka 2004 walibadilisha kanuni zao ili nesi na afisa tabibu aliyesomea huduma ya tiba shufaa, yaani kumtunza na kumtuliza maumivu mgonjwa wa ugonjwa mzito, kozi ya miezi tisa, aandike mofini kwa mkono wake. Sababu yao ni ile ile ya DLDM, madaktari hawatoshi na maumivu hayasubiri watoshe. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Daktari Anne Merriman, ndio ilisukuma sana hilo gurudumu. Hawakusema mofini ni ruksa. Walichofanya ni kusajili watu wa kusaini mpaka huko vijijini wagonjwa waliko.

Ndio maana nikisikia mjadala wa bangi ya dawa kwa Tanzania unaanza na ekari, nachoka. Tuna dawa ya maumivu ya halali, ya bei ndogo, inayojulikana duniani kote, na bado mkoa mzima mtu anaweza kukosa saini. Tukiongeza na bangi juu yake bila kugusa hapo, itakuwa jina la pili kwenye orodha ya vitu ambavyo mgonjwa wa Tandahimba anasikia vipo. Mi naona tungeanza na mofini, tuwasajili manesi na matabibu waliosomea, wawe na namba zao, wakaguliwe kama ninavyokaguliwa mimi, orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati na iwekwe onlaini mtu aione, na akienda semina ijulikane nani anashika. Barabara yetu nayo ni ya kuhesabu, mvua ya Kimbunga Hidaya Mei 2024 ilipokata pale Somanga kusini yote ilikaa kama kisiwa, kwa hiyo mambo ya kusema aliyeruhusiwa yuko Dar sio mpango. Sistimu hiyo ikishasimama na ikaonekana haivuji, hata siku bangi ya dawa ikiletwa unakuwa na watu wa kuwakabidhi, unaongeza kozi ya saa kadhaa, unaongeza safu kwenye rejista.

Na masharti ya Pennsylvania ningeyabeba mazima mazima. Anayesaini asiwe na hisa kwenye shamba wala duka. Asijitangaze. Mi mwenye duka ningekuwa wa kwanza kunyimwa kusaini, na sawa tu, maana mtu hawezi kuwa anauza na anaruhusu kwa wakati mmoja, hata kama ni mimi na najiamini.

Dada anasema mi naota. Anasema hata kwao wanaosajiliwa wanasajiliwa mijini, ukitoka kwenda mashambani unaendesha gari mpaka unachoka ndio umkute mmoja. Tulibishana mpaka bando likakata.

Kwa sasa, mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani anayelia na maumivu: hospitali ya mkoa au ya misheni iliyo karibu nawe ulizia huduma ya tiba shufaa, litamke hivyo hivyo, tiba shufaa, usiishie kusema "anaumwa sana" maana wote pale foleni wanaumwa sana. Uliza nani anaandika mofini na zamu yake ni lini, uliza na nani anashika asipokuwepo, na andika majina. Na yule mama wa Lukuledi ukisoma hapa au ukisomewa na mtu, kliniki walikipokea kichupa? Pita dukani unipe majibu, na mtoto mje naye.